Kipande Kimoja Kwangu, Kimoja kwa Baba Yako

Mwanangu Masalu,

Barua huanza na salamu, lakini mimi na wewe tuko nyumba moja, na tangu Jumamosi shikamoo yako inapita mlangoni kama ya mpangaji. Naitikia marahaba, unaingia chumbani, unafunga mlango. Basi salamu tuziache. Sasa hivi umekwenda stendi ya Nyegezi na baba yako kukata tiketi, jua bado linachoma mawe ya huku kwetu Ilemela, na mimi leo sikwenda sokoni Mkuyuni. Ndizi zangu nimemwachia jirani wa meza aniuzie. Nimekaa hapa mezani pako, naandika kwa kalamu yako, na ukikuta wino umekwisha utanisamehe.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa. Sitakuandikia vidonge, wala sweta, wala chandarua, wala ile baridi kavu ya Dodoma ninayoambiwa inaingia mpaka kwenye mifupa. Nimekuimbia hayo mpaka ukawa unaniigiza mbele ya baba yako, mkono kiunoni, sauti ya puani, "Masalu, umekunywa maji?" na yeye anacheka mpaka anakohoa. Unayajua hayo kuliko mimi. Ninachotaka kuandika ni juu ya lile ulilolisema jana tukiwa tunakula.

Ulisema, "Mama, kule chuoni sitaki mtu yeyote ajue. Awe mwenzangu wa chumba, awe mwalimu, sitaki. Naenda kuanza upya."

Baba yako alibaki na tonge mkononi. Mimi nilikusanya sahani hata kabla hamjamaliza kula, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika, ndiyo, nilitamani nikuchape na mwiko kama zamani. Lakini zaidi ya hasira niliogopa. Maneno hayo nayafahamu, maana mimi ndiye niliyeyaingiza kwenye nyumba hii.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Baba yako alipotaka kunioa, wazee wa kwao walipanda meli wakaja kwetu Kagera kuuchunguza ukoo. Unajua inavyokuwa. Watu wanakaa, wanakunywa lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wanaulizana taratibu: kwenu kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wachawi? Kuna wenye kichaa? Kila upande unauliza na kila upande unajibu. Kabla hawajafika, baba yangu mkubwa alituita wanawake wote uani akasema kwamba wale watoto wawili wa shangazi yangu, waliokufa wakiwa wadogo, vidole vimevimba na macho ya njano, siku hiyo hawakuwahi kuzaliwa. Shangazi mwenyewe alikuwepo. Aliinama akaendelea kumenya ndizi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilimpenda baba yako vibaya sana, kwa hiyo niliona baba mkubwa ana akili.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa na wao walikuja na uongo wao. Bibi yako alikuwa amezika watoto watatu huko Magu kabla na baada ya baba yako, na kwao walisema ni bandama. Barazani kwetu hawakuwataja. Tulidanganyana vizuri siku ile, tukala, tukanywa, wakapiga vigelegele, na mahari yakapangwa.

Dada yako Kabula alizaliwa mzuri, mnene. Kabla hajatimiza mwaka, mikono na miguu ikaanza kuvimba, analia usiku kucha, ukimgusa analia zaidi. Bibi yako akasema ugonjwa huu nimekuja nao kutoka Bukoba ndani ya mizigo yangu. Alisema hivyo kisimani, alisema kanisani, alisema mbele ya wageni. Tulikwenda kwa waganga, nisikufiche, tena kwa zaidi ya mmoja. Mmoja alimchanja Kabula viungo vyote akapaka dawa nyeusi kwenye majeraha, na mtoto mwenyewe damu yake ilikuwa haitoshi. Nilimshika mimi wakati anachanjwa. Bado naisikia ile mikono yake midogo ikinisukuma kifuani.

Alipofikisha miaka minne ndipo akapimwa damu hospitalini, wakatuambia ni siko seli. Baba yako alikuwepo, na bibi yako pia, maana alikataa kubaki nyumbani. Nesi aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Aliona mimi sielewi kitu, natikisa kichwa tu kwa adabu. Nilikuwa nimejifunga khanga moja, nyingine nimembebea mtoto. Akazishika zote mbili.

"Mama, hizi ni doti moja, siyo?"

Nikasema ndiyo.

Akasema ndani ya kila chembe ya mwili kuna vitu vyembamba kama nyuzi vinavyobeba urithi wa mtu, vinaitwa kromosomu, na vimekaa jozi jozi, kama vipande viwili vya doti. Kipande kimoja nilipewa na mama yangu, cha pili na baba yangu. Lakini mimi nikitaka kuzaa siwezi kumpa mtoto doti nzima. Yai langu linabeba kipande kimoja tu kutoka kila jozi, na mbegu ya mwanaume vilevile. Vikikutana ndipo mtoto anapata doti yake kamili, kipande kwangu, kipande kwa baba yake.

"Sasa doti yako wewe, kipande kimoja kina tundu," akaniambia. "Huumwi kwa sababu kile kizima kinakufunika. Na mwenzako huyu hivyo hivyo. Kabula amepata chenye tundu kwako, akapata chenye tundu kwa baba yake. Hana cha kumfunika."

Bibi yako akasema, "Huyu nesi si wa kwetu, atajua nini mambo ya ukoo wetu?" Akatoka nje. Baba yako hakutoka. Alikaa kwenye benchi ameangalia vidole vyake, vile vidole vya kupasulia mawe, na akasema, "Kumbe na mimi." Mpaka leo hajawahi kunilaumu hata siku moja, na kwa hilo namheshimu kuliko anavyojua. Lakini hakumwambia mama yake kwamba tundu limetoka na kwake. Bibi yako aliingia kaburini akiamini ni mimi, na baba yako aliacha iwe hivyo kwa sababu hakutaka kumuudhi. Huo nao ni ukimya wa nyumba hii.

Nesi alituambia pia kwamba kila mimba, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuwa kama Kabula. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijui kama nilicheke au nililie. Mimi ni mtu wa soko, nikahesabu kisoko. Mmoja kati ya wanne: Kabula ndiye huyo mmoja, basi zamu imekwisha, watatu wanaofuata ni wazima. Nilitembea kutoka hospitali mpaka nyumbani nimepata nguvu. Nilimwambia baba yako, "Kabula ameuchukua wote." Sikuuliza tena. Nesi hakusema ni zamu, mimi ndiye niliyeiweka. Kila mimba ile doti inachanwa upya, na chenye tundu kinaweza kutoka tena kana kwamba hakijawahi kutoka.

Ukazaliwa wewe. Ulikuwa na miezi saba siku nilipokuogesha nikaona mkono wako wa kushoto umevimba. Nilikaa kwenye beseni lako la maji, Masalu, nimelowa mpaka kiunoni, sikuweza kusimama. Kabula aliingia akauona mkono wako. Akautazama, akautazama wake, akasema, "Mama, na yeye ni kama mimi," na nadhani alifurahi. Alikuwa mtoto, alikuwa mpweke na ule ugonjwa wake. Baada ya wewe tuliogopa kuzaa tena.

Sasa nije kwenye lile zito.

Kabula alipofaulu kwenda sekondari ya bweni ng'ambo ya Sengerema, nilimfungia sanduku mwenyewe. Alikuwa ameanza kuwa msichana mzuri, unamkumbuka shingo yake. Usiku ule nilikuwa nikiwaza washenga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mimi tayari nawaza washenga! Nikajisemea, pale shuleni kuna watoto wa kutoka Magu, Misungwi, Geita, kila mmoja ana kaka na shangazi, neno likitoka litafika kila kijiji, na mwanangu hataolewa. Nikamkalisha kitandani nikamwambia: "Usimwambie mtu. Ukiumwa, sema ni malaria." Akaniuliza, "Hata matroni?" Nikasema hata matroni.

Alinitii. Kwa mwaka mmoja na nusu alinitii, na kila likizo nilimsifu.

Alipokuwa kidato cha pili, wanafunzi walikuwa wanateka maji ziwani alfajiri, upepo wa ziwa unauma, na yeye hakuwahi kuomba aachwe, maana angeulizwa kwa nini. Akashikwa na maumivu ya kifua. Matroni akampa dawa za malaria kama alivyoomba mwenyewe. Akalala bwenini na homa, na wakubwa pale hawakujua kwamba mtoto mwenye siko seli akibanwa kifua hasubiriwi. Alipofikishwa hospitali midomo ilikuwa imekwisha kuwa ya bluu. Sisi tulipigiwa simu, tukavuka na kivuko, tukakuta wameshamfunika.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Unakumbuka sanduku liliporudi, na yule msichana mwenzake aliyelileta. Hukuyasikia aliyoniambia, nilikuwa nimekutuma dukani. Alisema, "Mama, tulimuuliza sana. Alikuwa anang'ata shuka ili asilie. Akasema ni malaria tu." Halafu akasema, "Siku ya mwisho alisema mama yake amemkataza." Msichana yule hakuwa na ubaya wowote, alidhani ananiletea maneno ya mwisho ya mwanangu ili nifarijike. Nilimpa soda akanywa.

Kwa hiyo siko seli ilimuumiza Kabula, lakini siwezi kusema ndiyo iliyomuua. Ugonjwa ulikuwa na dawa yake na daktari wake. Mtoto alikufa kwa kunyamaza, na kunyamaza alifundishwa nyumbani. Mkuyuni bado wananiita Mama Kabula, kila siku, kutoka asubuhi mpaka jioni, na kila mara naitika.

Ndiyo maana Jumamosi ikawa vile ilivyokuwa.

Tulikwenda Kisesa kwa baba yako mdogo, washenga wa binti yake Leah wamekuja. Mimi nilikuwa naingiza bakuli la nyama. Nikamsikia mzee wao anauliza yale yale ya siku zote, na shemeji yangu anajibu kwa sauti nene, "Ukoo wetu mnaujua. Watoto wetu wanazaliwa wazima, wanakua." Anajua. Alibeba jeneza la Kabula kwa mkono wake. Nikaweka bakuli chini, nikasema, "Si kweli. Kwetu kuna siko seli. Mmoja nimezika, mwingine anaishi nayo. Leah apimwe na kijana wenu apimwe, ndipo mpange ng'ombe."

Mzee wao akauliza, "Huyo anayeishi nayo ni yupi?" Na mimi nikanyoosha kidole. Ulikuwa umesimama mlangoni na kreti ya soda. Wanaume wote wakageuka wakakutazama, wakakutazama macho kama ni ya njano, wakakutazama miguu. Uliweka kreti chini polepole ukatoka.

Washenga walikula kidogo kwa adabu, wakasema watarudi. Hawajarudi. Leah alinifuata nyuma ya nyumba akaniambia, "Mama mkubwa, umenimaliza," na sijui kama atanisemesha tena. Baba yako mdogo hapokei simu zangu. Labda yule kijana damu yake ni nzima na nimewavunjia bure. Labda siyo. Nisingeweza kuweka lile bakuli na kuinama kimya kama shangazi yangu.

Lakini kidole ndicho ninachokuombea msamaha, mwanangu. Ugonjwa umo mwilini mwako, maumivu unalala nayo wewe, na mimi nikakuonyesha kwa wageni kama mbuzi mnadani. Kabula nilimfunga mdomo, wewe nikakusemea bila kukuuliza. Pande zote mbili nilichukua kitu kisicho changu. Nimekaa siku hizi zote nikitafuta namna ya kukuambia hili uso kwa uso, na kila ukipita na shikamoo yako ya baridi nashindwa. Samahani sana, Masalu. Nimekuaibisha na najua.

Kuna jingine, nalo ni gumu, ulisikie kwangu. Utampenda mtu huko. Mimi na baba yako kila mmoja alikuwa na kipande kizima ambacho angeweza kukupa, haikutokea tu. Wewe hunacho. Mtoto wako yeyote atapata kwako kile chenye tundu, na hapo hakuna bahati wala maombi yatakayobadilisha. Kitakachobaki ni cha huyo mwenzako. Kama doti yake ni nzima pande zote mbili, watoto wenu watafunikwa, hawataumwa. Kama ina tundu, huenda ukakaa usiku na mtoto anayelia kama nilivyokaa mimi. Kwa hiyo umuulize mapema, kabla ya wazee na lubisi yao, kabla hujapenda mpaka masikio yameziba. Anaweza kukukimbia kwa swali hilo. Ikiwa hivyo rudi nyumbani nitakupikia ndizi, utakula huku unalia, na utaniona sina la kukufariji. Lakini uliza.

Nakuambia ukweli, sitaki uende. Kila simu itakayolia kuanzia kesho jioni nitadhani ni ile simu ya zamani. Baba yako anasema wewe ni mwanaume sasa, ana haki, na mimi namkubalia kwa mdomo tu. Wako wengi wenye ugonjwa wako wanaofika uzee, nimeambiwa, na wako wasiofika, nimeona. Siwezi kukuahidi upande wowote. Kama siku moja nitakuzika na wewe, Mungu apishe mbali, angalau nijue watu walijua unaumwa nini na wakajaribu.

Sikuombi utangaze chuo kizima. Nakuomba mtu mmoja. Yule atakayelala chumba kimoja na wewe, anayeweza kusikia usiku ukipumua vibaya, ajue ni nini na ajue akupeleke wapi. Utamwambia wewe, kwa maneno yako, siku utakayochagua, ila isiwe siku umeshazidiwa. Mimi sitampigia, sitamtafuta, hata namba yake sitaki. Safari hii mdomo ni wako.

Umesema nisikusindikize mpaka stendi, na sitakusindikiza, nitaishia getini. Ila kama ulimi ni mzito, anzia ndani ya basi. Atakayekaa kiti cha pembeni humjui wala hakujui, mkishuka hamtaonana tena. Mwambie, "Naitwa Masalu, nina siko seli, nikizidiwa njiani mwambie dereva anipeleke hospitali." Basi, ni hayo tu. Atakupa pole, au atashangaa, au atageukia dirisha asinzie, na wewe utabaki umekaa pale pale, mzima, basi linakwenda. Dada yako hakuwahi kusema maneno hayo kwa mtu yeyote, hata mara moja, kwa sababu mimi nilimkataza, naye alikuwa mtoto msikivu.

Ni mimi,
Mama yako